Kipimo cha Halua ya Bi Mize

Haya, kaeni vizuri. Anayetafuna na atafune kimya, maana hadithi hii ina halua ndani yake na mimi mate hayanidondoki vizuri mbele za watu.

Wete, Pemba, palikuwa na mpika halua, Bi Mize binti Kombo. Halua yake, ukiiweka ulimini unakumbuka watu uliowakosea, unataka kwenda kuwaomba radhi. Kipimo chake kilikuwa siri: samli iingie lini, iliki iingie lini, moto upungue wapi. Tena ukoo ulikula kiapo: kipimo humwendea mtu mmoja tu katika kila kizazi. Ukishakitaja, umeshakitaja. Na mkono wa Bi Mize ulikuwa umeanza kuugomea mwiko.

Alikuwa na wajukuu watatu, na Mungu alipowagawia vipaji hakufanya ubahili.

Shaame alipewa masikio. Sufuria ikichemka nyumba ya pili, yeye huku anasema, "Sukari haijayeyuka hiyo."

Zuwena alipewa jicho lenye gundi. Alichokiona mara moja hakibanduki. Wachumba wawili walimkimbia. Aliwauliza kwa nini shati ni lile lile la Idi ya mwaka juzi.

Na Faki alipewa mkono. Mpandishe kwenye gari, barabara iwe mashimo matupu, amimine chai: tone halianguki.

Basi. Biashara ikakua mpaka Bi Mize akasajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Hati ikasema usajili unaanza Jumatano. Bi Mize akaiweka hati kwenye kasha, kasha akalipeleka Unguja kwa dada yake, kwa kuwa hakumwamini mchwa wa Pemba. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, kwenye ile programu ya hesabu, akafungua ukurasa wa mipangilio ya kodi. Programu ikamuuliza: usajili unaanza tarehe gani?

"Jumatano?" akasema Bi Mize. "Kwetu jambo la heri halianzi Jumatano. Babu yangu hakuoa Jumatano, mimi nianze kodi Jumatano?"

Akaandika tarehe ya Ijumaa. Akachoma na udi.

Sasa, Jumatano ile ile na Alhamisi yake, mapakacha ya halua yalikuwa yanakwenda kwenye hoteli moja kubwa ya ufukweni, kwa majaribio. Jumamosi adhuhuri angekuja karani wao, Bwana Mselem, kukagua risiti. Zikiwa sawa, Bi Mize ndiye mpika halua wao msimu mzima. Zikiwa na kasoro, hoteli inakwenda kwa mwingine, na jiko jipya alilolijenga litalaliwa na paka.

Jumamosi asubuhi mashine ikawa inachapa nakala za risiti. Shaame yuko barazani, mswaki mdomoni. Akasimama ghafla.

"Bibi! Risiti za Jumatano zimeguna mara chache kuliko za Ijumaa. Kuna mstari haumo."

"Mashine imekula nini hata igune?"

Wakatazama. Wallahi, risiti zote za kabla ya Ijumaa hazina mstari wa kodi! Mtu amesikia kwa sikio kitu ambacho mwenye macho hakukiona.

Bi Mize akakimbilia kompyuta arekebishe. Kwa haraka akabonyeza palipoandikwa "Zima usajili". Lo! Namba ya usajili ikafutika, tarehe ikafutika, programu ikabaki inamkodolea macho: jaza upya. Na hati iko Unguja, dada yuko harusini, simu hapokei.

Zuwena akaweka chini sinia la lozi. "Andika, Bibi." Akafumba macho, akaisoma namba kama mwana wa chuoni anayesoma sura: tarakimu moja moja, na kistari mahali pake. "Mwanzo wa usajili, Jumatano. Marejesho ya kodi, kila mwezi. Na muhuri uliegemea kushoto." Hati yenyewe aliiona mara moja tu, akipita na chai! Programu ikaikubali namba. Bi Mize akajishika kifua: "Mtoto huyu kanizidi mimi niliyepewa hati!"

Lakini risiti zilizokwisha kutoka hazifutiki. Kila moja inataka ya kuibatilisha, kisha mpya yenye kodi, na ukikosea herufi unabatilisha tena batili yako. Tayari honi ya Bwana Mselem ilikuwa inalia sokoni. Bi Mize alijaribu moja, akamwandikia mteja jina la paka.

Faki akasema, "Nipishe, Bibi."

Akakaa. Bei akaiacha ile ile, kodi akaitoa ndani ya bei hiyo hiyo, hoteli isidaiwe zaidi. Bi Mize akailipia Ijumaa yake kwa faida yake. Vidole vya Faki vikaenda kama mvua juu ya bati, na hakuna kosa hata moja. Ya mwisho ikatoka mashineni wakati Bwana Mselem anavua viatu mlangoni.

Akakagua. Akapindua. Akakagua tena.

"Bi Mize," akasema, "risiti hizi tamu kuliko halua. Msimu ni wako."

Alipoondoka, Bi Mize akawatazama wajukuu zake kama mtu aliyeona miujiza mitatu kabla ya chakula cha mchana. Akasema kipimo atakitoa leo.

"Nisingesikia," akasema Shaame, "mngempa karani uozo kwa mikono miwili."

"Ungesikia mpaka kesho!" Zuwena akamjibu. "Bila namba, programu ingefunguka kwa mswaki wako?"

"Sikio lilisikia, jicho lilikumbuka," akasema Faki, "lakini karani alishika karatasi. Nani aliyezitoa?"

Bi Mize akafungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena. Kiapo ni kiapo: jina moja, mara moja, na wawili watabaki kuila halua bila kuijua maisha yao yote.

Amesimama hapo mpaka sasa, kinywa wazi. Msaidieni, jamani, nyie wenye akili. Wewe uliyekaa nyuma unayecheka, na wewe bibi mwenye kanga mpya: ingekuwa siri iko ulimini mwako, ungeinong'oneza katika sikio la nani?