Mlango wa Nyuma wa Kalunde

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitikia kama watu wenye njaa, na mmekula sasa hivi. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu bila kuona haya, palikuwa na mwanamume aliyeitwa Mihambo, mwenye wake wawili. Mke mkubwa aliitwa Nyamizi, na mdogo aliitwa Kalunde. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya udongo, yenye paa la nyasi. Kati ya nyumba hizo palikuwa na ua mdogo, ambao kuku aliuvuka kwa hatua ishirini. Nyamizi aliuvuka kwa macho tangu asubuhi mpaka jioni.

Alikuwa na wivu. Kalunde akicheka, Nyamizi alitaka kujua anacheka nini. Kalunde akinyamaza, Nyamizi alitaka kujua anaficha nini. Na desturi ya nchi ile ilimpa nguvu, kwa sababu mwenye wake wawili alitakiwa kuwapa vitu sawa, la sivyo wazee wangemwita.

Kalunde alipopewa chungu kipya, Nyamizi alisema, "Baba Milembe, sawasawa." Mihambo akaleta chungu cha pili.

Kalunde alipopewa mkeka wa ukindu, Nyamizi alisema, "Baba Milembe, sawasawa." Mihambo akaleta mkeka wa pili.

Kisha Mihambo akamtobolea Kalunde mlango wa nyuma, maana kifua chake hakikupatana na moshi, na sasa upepo ukawa unaingia huku na kutokea kule. Nyamizi akasimama uani, mikono kiunoni.

"Baba Milembe, sawasawa."

Siku hiyo Mihambo alikuwa ametoka kulima. Akautazama ukuta wa Nyamizi, mnene kama kichuguu. Akautazama mlango mpya wa Kalunde. Akakaa chini.

"Kutoboa wako ni kazi ya siku tatu," alisema. "Kuziba wake ni kazi ya mara moja."

"Basi ziba."

"Wewe hutaki mlango?"

"Nataka tuwe sawa."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mihambo hakuweza kukigawa. Nyamizi alikuwa na mtoto mmoja tu, Milembe, binti wa miaka sita, na kila mchana mtoto huyo alivuka ua akaenda kulala kwa mama mdogo. Mlango, chungu na mkeka vilikuwa visingizio. Kilichomla Nyamizi moyo ni ule mgongo mdogo ukienda zake bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo aliziba mwenyewe. Aliufunga mlango wa fito kwa kamba, akakaza mafundo matatu, kisha akapanga kuni kavu mbele yake, mzigo juu ya mzigo, mpaka kifuani. Panya aliyeishi katika paa la Kalunde akashuka akamtazama.

"Mama Milembe, unafanya nini?"

"Napanga kuni."

"Mlangoni?"

"Kuni ni zangu na mikono ni yangu."

"Sisi panya hatuhamii shimo lenye mlango mmoja," alisema Panya.

"Ninyi ni wezi. Mnahitaji pa kukimbilia."

"Ni kweli, wezi. Lakini mimi nina wajukuu."

Nyamizi akamtupia ukuni. Panya akapanda zake juu.

Kalunde hakugombana. Ila moshi ulipoanza tena kumkaba, aliyahamisha mafiga yake, akayaweka karibu kabisa na mlango wa mbele, ili moshi utoke upesi. Na juu ya mafiga, kama ilivyokuwa desturi, alitundika mahindi darini ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Sasa hesabuni wenyewe. Mlango mmoja, moto mlangoni, na juu ya moto mahindi makavu.

Siku moja mchana Kalunde aliinjika chungu cha njugu, akachukua mtungi. "Naenda na kurudi," alisema. Kila mtu husema hivyo. Milembe alikuwa amelala ndani, huko nyuma kabisa.

Ganda moja la hindi likadondoka darini, likaangukia makaa, likawaka, likapaa na upepo kurudi lilikotoka. Hapo ndugu wawili wakaanza kusemezana, Moto na Moshi.

"Ndugu yangu, nitangulie?" aliuliza Moshi.

"Tangulia," alijibu Moto. "Wewe huna mlango unaokuzuia. Walaze, nami nitakuja."

Mahindi yakashika. Dari ikashika. Nyasi za paa zikashika. Na mwanamke aliyeanza kumenya muhogo wakati ganda linadondoka, angekuwa bado hajaumaliza muhogo huo.

Nyamizi alikuwa uani kwake anachekecha unga. Aliinua macho, kama kawaida yake, akaona moshi unatoka chini ya paa la Kalunde, mzito, wa rangi ya maziwa machafu. Nisiwafiche alichofikiri. Alifikiri, Leo mkeka wake umekwisha. Akachekecha tena, mara moja.

Kisha mikono ikasimama.

"Milembe," aliita. Kimya.

"Milembe," aliita tena. Kuku wakakimbia.

"Milembe wee," aliita mara ya tatu, na kutoka ndani ya nyumba ya Kalunde kikohozi kidogo kikamjibu.

Ungo ukaanguka. Alikimbilia mlango wa mbele, lakini mlango haukuwapo tena, ulikuwa mdomo wa Moto. Akazunguka nyuma. Pale akakutana na kuni, kazi ya mikono yake mwenyewe, zimepangwa vizuri sana.

Akavuta mzigo wa kwanza. Ndani alimsikia Panya akisema, "Usisimame, mtoto. Moshi anakaa juu. Lala chini, hewa iliyobaki iko chini."

Akavuta mzigo wa pili. Akamsikia mwanawe, "Najificha nyuma ya kihenge."

"Usijifiche," alisema Panya. "Ukijificha, mama yako hatakuona, Moshi atakuona. Ziba pua kwa nguo. Tambaa, nifuate mkia."

Akavuta mzigo wa tatu, na wa nne, na mingine ambayo hakuihesabu. Akafikia kamba. Mafundo yalikuwa mazuri mno. Akayang'ata kwa meno, akayachokonoa kwa vidole, kucha mbili zikang'oka, mlango ukalegea, naye akaufungua kwa kujipiga ubavu. Moshi ukampiga usoni kama kofi. Akajitupa tumboni, akaingiza mkono chini kabisa, akipapasa sakafu. Akashika kifundo cha mkono. Akavuta.

Panya alitoka nyuma yao, ndevu zimeungua, akaenda zake bila kusubiri shukrani.

Kalunde alikuja mbio kutoka kisimani. Mtungi ukapasuka chini. Alikuwa keshapitisha kichwa mlangoni pale nyuma, Nyamizi alipomkamata nguo.

"Niache, mtoto yumo."

"Yuko hapa."

"Basi mkeka, na mbegu zangu za—"

"Kalunde, husikii? Hakuna anayerudi."

"Dada, mbegu."

"Utapanda zangu."

Hawakumaliza kuvutana. Paa liliinama, likakaa chini polepole kama mzee, na nyumba ikawa kuta.

Jioni Mihambo akazunguka majivu, akaziona kuni zimetapakaa nyuma. Akakohoa, akatazama chini. Kalunde ndiye aliyeuliza, akiwa ameketi na Milembe mapajani.

"Ni nani alikaza mafundo yale?"

"Mimi," alisema Nyamizi.

"Nilijua. Mihambo hajui kufunga hata mbuzi."

Mtoto alikohoa, wote wawili wakamshika mgongo, mikono ikagongana.

"Na mimi niliacha moto peke yake," alisema Kalunde. "Usiubebe wote."

Nyamizi akainuka. Alichukua jembe, akaingia kwake, akaanza kuupiga ukuta wa nyuma. Mihambo akasema itakuwa siku tatu. Wanawake wawili wakapokezana, na kabla giza halijaingia, mwanga wa machweo ukapita tunduni ukagusa sakafu.

Kalunde akatandikiwa humo humo, mpaka ajengewe upya. Milembe akabeba nguo yake ya kujifunika, akasimama katikati ya mama wawili.

"Nilale kwa mama mdogo?"

Wivu ukampanda Nyamizi kooni, uleule, mchungu uleule. Akautazama ule mgongo mdogo.

"Lala naye," alisema. "Lakini wewe ulale upande wa mlango."

Nami hadithi yangu naishusha hapa. Sasa mwageni maji kwenye makaa, na kabla hajalala, kila mmoja anionyeshe atatokea wapi.