Kanga Aliyekwenda Kula Bata

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshindilia makande? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, zamani kweli, siyo zamani ya bibi yako, alikuwepo kanga mmoja msichana. Jina lake Mishi. Mishi alikuwa mwepesi. Akisikia mbweha anakohoa tu, purrr, yuko juu ya mti. Mbweha anabaki anatazama juu, shingo inamuuma.

Lakini Mishi alichoka. Kutwa kuchakura. Chaku chaku chaku, unapata mdudu mmoja, tena mchungu. Akamwambia mama yake, "Mama, nataka likizo. Siku saba. Naenda mjini."

Mama yake akasema, "Nenda. Ila huko mjini chakula hakitafutwi, kinamwagwa. Kila asubuhi, kabla hujala, ruka mpaka tawi la tatu. Ukifika, kula. Usipofika, siku hiyo kunywa maji, tembea. Kanga asiyeruka ni kitoweo, mwanangu."

"Sawa mama."

Mnaijua ile sawa. Ndiyo hiyohiyo yenu.

Akaruka, purrr, akaenda. Akatua kwenye ua wa nyumba moja kubwa. Katikati ya ua kuna mpera. Chini ya mpera kuna Bata, mzee wa pale uani, na mkewe, na vifaranga wao watano.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Porini, baba. Nimekuja likizo. Nimekuja kula bata."

Bata akarudi nyuma hatua moja. Mbili.

Sasa mimi na wewe tunajua. Kula bata ni kustarehe, kujiachia, kunyoosha miguu. Mishi alifundishwa na kunguru wa mjini, akaona kapata lugha. Lakini Bata hakuwahi kutoka nje ya ua ule. Yeye alichojua ni kwamba kaka yake aliliwa kwenye harusi, na dada yake akaliwa kwenye harusi nyingine.

Akauliza polepole, "Utakula siku ngapi?"

"Saba. Asubuhi bata, mchana bata, jioni bata. Mpaka basi."

Mke wa Bata akafunua bawa. Vifaranga wakaingia, mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akafunika.

Bata akacheka kidogo, heh heh. Akasema, "Karibu sana. Ila hapa kwetu mgeni hushiba kwanza. Mengine baadaye."

Siku ya kwanza Mishi aliruka, purrr, tawi la tatu. Akashuka. Akakuta kamwagiwa. Chenga za mchele, mahamri yaliyolala, ukoko wa wali wa nazi.

"Onja," Bata akasema.

"Naonja tu."

To to to to to. Akaonja sinia likaisha.

Siku ya pili aliruka akaishia tawi la pili. Akatazama juu. Akasema, "Tawi ni tawi." To to to to to.

Siku ya tatu, tawi la kwanza. "Na hili nalo limeota mtini." To to to to to.

Siku ya nne alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa. Tena kwa kupumzika mara mbili. Akasema, "Kutoka chini, hapa ni juu."

Siku ya tano aliutazama mti. Akasema, "Nimeuona." Akaenda kula.

Na kila akilamba mdomo alisema, "Likizo ni likizo. Nikirudi nyumbani nitapunguza."

Mke wa Bata akimpita anamwambia, "Shoga, umenawiri."

"Kweli?"

"Wallahi. Umejaa mpaka mashavu."

"Hewa ya huku imenikubali," Mishi anajibu, huku anahema.

Sisi watu wa hapa tuna balaa. Mtu anavimba, hawezi kuinama kufunga kiatu, tunamwambia amenawiri. Hewa imemkubali. Hewa! Hewa gani ina maandazi ndani? Na wewe shangazi usijifanye unacheka sana. Ulikwenda Tanga wiki mbili, ukarudi na gauni lako umelibeba mkononi. Haya, tusonge.

Siku ya sita mwenye nyumba akatoka na mpishi. Kesho yake binti anaolewa. Mwenye nyumba akasema, "Nataka ndege mmoja mnono. Mchuzi wa bwana harusi."

Mpishi akamshika Bata. Akambonyeza hapa, akambonyeza pale. "Huyu mifupa mitupu. Hali siku hizi?"

Bata hakuwa akila. Chakula chote alikuwa anamsogezea mgeni.

Mpishi akamgeukia Mishi. Akamfinya kidari. Akatabasamu meno yote. "Huyu hapa. Amenawiri."

Mishi akasema, "Asante."

Mpishi akaenda kwenye jiwe. Shwa. Shwa. Shwa.

Mishi akauliza, "Baba Bata, kisu kile cha nini?"

"Cha harusi."

"Wanakula nini harusini?"

"Wewe."

Mishi akacheka. Akaona wenzake hawacheki. "Mimi ni mgeni, jamani. Mgeni anachinjiwa, hachinjwi."

"Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," Bata akasema. "Umekuja. Tumepona."

"Nimewakosea nini?"

"Ulipiga hodi, ukasema umekuja kula bata. Mbele ya wanangu. Siku saba, asubuhi na jioni."

"Ile ni lugha tu, baba! Kula bata ni kupumzika. Ni kustarehe."

Bata akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ukuta.

"Sasa si ungesema umekuja kupumzika," Bata akasema. "Tungekupa maji na kivuli."

Shwa. Shwa. Kisu kikanyamaza. Mpishi anakuja, kwatu, kwatu.

Mishi akapiga mabawa. Purr, puu, chini. Akapiga tena. Purr, puu. Mti ule ule, tawi lile lile, na mwili wake uko chini umekaa kama gunia. Akawaambia, "Nisukumeni." Bata wakasukuma, maana hata wao roho ilishawauma. Wakasukuma, hasukumiki.

Mpishi akamkamata kichwani. Siku hizo kanga alikuwa na manyoya mpaka utosini, laini, yamelala. Mpishi akavuta huku. Mishi akavuta kule. Mpishi huku, Mishi kule. Chwaaa! Manyoya yakabaki mkononi kwa mpishi, Mishi akaponyoka kidazi, kipara mpaka shingoni.

Lango lilikuwa wazi, watu wanaingiza masufuria ya harusi. Mishi akapita katikati ya miguu yao. Siyo kwa kuruka. Kwa mbio. Dugu dugu dugu, tumbo linatangulia, yeye anafuata.

Safari aliyokuja kwa kupumua mara kumi aliirudi kwa miguu kutwa nzima. Akafika porini amekauka. Kanga wote wakamzunguka. Mama yake akamtazama tumbo. Akamtazama kichwa.

"Likizo ilikuwaje?"

"Nzuri, mama."

"Na manyoya?"

Mishi angesema kweli, yangeisha. Lakini vijana wenzake walikuwa wamesimama pale, wamemkodolea macho. Akainua shingo yake tupu.

"Nimenyoa. Mjini wote wananawiri hivi."

Mama yake akafumba macho.

Asubuhi vijana wote wa kanga walikuwa wamenyonyoana vichwa. Wote. Wanaonyeshana. Mpaka leo nenda katazame kanga, kichwa na shingo vitupu, na wakishtuliwa hukimbia kwanza kabla hawajaruka.

Basi jueni hivi. Likizo siyo ruhusa ya tumbo. Kula, hakuna aliyekukataza, lakini kila siku jipime kama ungali unaweza kujibeba. Na ukisema nitapunguza nikirudi, hakikisha kwanza utarudi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Sufuria nimefunika, atakayefunua shauri yake.