Sala Isiyopigiwa Magoti

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mola awalaze pema, kwamba katika mji wa Valdora, ng'ambo ya Bahari ya Kati, palikuwa na shemasi mcha Mungu aitwaye Liborio. Alijaliwa sauti nzuri na moyo wa woga. Msimcheke. Wengi wetu tunao huo moyo, ila hiyo sauti hatuna.

Mji ule ulikuwa na ada yake ya Ijumaa Kuu. Padri akitaja wa kuombewa, shemasi hunadi, "Tupige magoti!" na watu wote hushuka chini. Wakiombewa maaskofu, magoti. Akiombewa Kaisari, magoti. Hata wapagani wanaosujudia miti walipigiwa magoti! Lakini ikifika zamu ya Wayahudi, shemasi hunyamaza, na sala husaliwa kwa kusimama. Ukiuliza sababu, utaambiwa, "Wao walimpigia Bwana magoti kwa dhihaka, sisi hatuwapigii." Wala ada haikuishia kanisani. Ibada ikisha, vijana hushukia mtaa wa Wayahudi na kuvurumisha mawe milangoni na madirishani, naye padri, Baba Gaudensi, hujitia hamnazo.

Basi asubuhi ya Ijumaa Kuu moja, mlango wa uani wa Liborio ulibishwa. Alikuwa Yekutieli, Myahudi mtia rangi nguo, anahema. Siku ile Myahudi hakuruhusiwa kutoka nje, naye alitoka.

"Bibi Prisila," alimwambia mke wa shemasi, ambaye alikuwa mkunga, "mkazamwanangu Tirza ana uchungu tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Nihurumie."

Prisila alikuwa keshashika kikapu chake. Liborio akamzuia mkono. "Mke wangu, leo? Huyajui mawe ya leo?"

"Mtoto hajui kama leo ni Ijumaa Kuu. Niachilie, mume wangu."

Yekutieli aligeuka kizingitini. "Shemasi, nasikia leo mnatuombea hata sisi. Ni kweli?"

"Ni kweli," alijibu Liborio.

"Mungu akulipe," alisema mzee yule kwa moyo mweupe, akaondoka na mkunga.

Liborio alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua ni sala ya namna gani.

Kanisani vijana waliingia wamefumbata mikunjo ya majoho yao, na kila mtu alijua wamebeba nini. Liborio akaimba habari za mateso ya Bwana kama alivyoimba kila mwaka. Alipofika pale walipomvika taji ya miiba na kumpigia magoti wakimdhihaki, alishtuka. Yarabi! Waliopiga magoti yale walikuwa askari. Askari wa Kaisari! Na Kaisari ndiye wanayempigia magoti kila mwaka bila kinyongo. Maneno hayo yalikuwa kinywani mwake miaka yote, na siku zote alikuwa akiyaimba bila kuyasikia.

Sala zikaanza. Liborio alinadi kila ilipompasa. Akinyamaza kama ada, muda si muda mawe yataangukia nyumba ambamo mkewe anamhangaikia mzazi. Akinadi, atavuliwa ushemasi, na kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Aliogopa, wallahi aliogopa! Lakini kilichomchoma zaidi ni ile shukrani ya Yekutieli. Mzee wa watu alikuwa ameshukuru kwa kitu asichopewa.

"Tuwaombee pia Wayahudi," alisema padri.

Liborio akafumba macho. "Tupige magoti!"

Mazoea yana taabu. Watu walishuka kabla ya kufikiri, na vijana nao wakashuka. Walipoinama, mikunjo ya majoho ikafunguka, na mawe yakaporomoka sakafuni, huku na huku, kanisa zima, mbele ya msalaba. Akina mama waliwatazama wana wao. Hakuna aliyenyoosha mkono kuokota. Baba Gaudensi akaimaliza sala, na siku ile watu walitoka kanisani wakaenda makwao.

Padri alimwita Liborio chumba cha mavazi. Hakuwa mtu mbaya, naye alimpenda shemasi wake.

"Umepitiwa tu, sivyo? Mfungo umekulegeza. Sema umepitiwa, nami nitawaambia watu hivyo, yaishe."

"Sikupitiwa, Baba."

"Liborio! Wale Mungu amekwisha kuwaacha. Israeli sasa ni sisi."

"Baba, Mungu aliwaapia mababu zao. Ikiwa kiapo kile amekivunja, mimi na wewe tunashikilia kiapo gani?"

Padri alimsogelea. Kisha akanyoosha mikono akamvua stola, ule utepe wa ushemasi.

Liborio alirudi nyumbani akilia njia nzima. Jioni Prisila alipoingia, alimwona macho mekundu kwa kilio, akajua kuna jambo.

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Nieleze."

Akamweleza yote. Prisila akaketi kando yake, na mikono yake ilikuwa bado inanuka damu ya uzazi. "Ni mtoto wa kiume," alisema. "Mama mzima, mwana mzima. Tulikuwa tumefunga madirisha tukingojea mawe, hayakuja."

Stola hakurudishiwa kamwe. Mwaka uliofuata Liborio alisimama nyuma pamoja na waumini, na shemasi mwingine akahudumu. Ilipofika sala ya Wayahudi, yule mpya alinyamaza kama ada. Baba Gaudensi hakuianza sala. Alimtafuta Liborio kwa macho hadi akamwona, kisha akashika ukingo wa altare kwa mkono wake wa kizee, akashuka taratibu, akapiga magoti peke yake. Kanisa lote likamfuata.

Wapendwa, sisi tu wageni tuliokaribishwa mezani kwa neema. Mgeni akishapewa kiti, si kazi yake kumtoa mwana wa nyumbani. Mola hajutii aliowaita, na siku atakayojutia hao, ole wetu sisi. Atujalie kuwaombea watu kwa namna ambayo hatutaona haya wao wakituona.