Shindano la Mji Mzima, Watu wa Kwetu Tu

Sogeeni mbele, pana nafasi. Nanyi mlioegemea nguzo za nyuma nawaona. Msijifiche, maneno ya leo yanawahusu ninyi zaidi.

Palikuwa na mji mmoja kando ya mto. Mvua zikanyesha huko milimani, mto ukafura, ukaingia mjini mchana kweupe. Ukachukua daraja, ukachukua maduka ya bondeni, ukachukua na watu. Miongoni mwa waliokwenda na maji alikuwamo kijana mmoja aliyepanda lori la vitunguu akirudi kwao. Lori lilikwama kivukoni maji yakiwa ya magotini, na kabla dereva hajajua afanye nini, yamefika dirishani. Dereva alikufa, kijana akafa. Mwili wake ukaonekana huko chini kwenye matete, ukaoshwa, ukaswaliwa, ukazikwa.

Baba wa kijana huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Mtu wa swala tano, simsemi vibaya. Lakini tangu siku ile lilikuwapo jambo linamla ndani kwa ndani. Mwanangu alikufaje? Alikuwa peke yake? Aliwahi kutamka shahada, au maji yalimziba kinywa kwanza? Na mkewe ndiye aliyekuwa hana swali lingine. Anapepeta mchele, anauliza. Anakunja nguo, anauliza. Mume humjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, na jibu hilo ni la kweli, ila halikumpa yule mama usingizi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kamati ikaamua kuwasomea khitma marehemu wote, na pamoja na khitma liwepo shindano la kuandika. Aandike mtu aliyoyaona siku ya mafuriko. Andiko litakaloshinda litasomwa mbele ya watu, na mwandishi wake apewe cherehani mpya. Tangazo likabandikwa ukutani pale sokoni. Juu, kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara: SHINDANO LA MJI MZIMA. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: Waislamu tu.

Ngojeni kwanza. Kama shindano ni la mji mzima, wale wengine wanakaa mji gani? Na yale maji, yalipokuwa yakipita nyumba kwa nyumba, yalimuuliza nani anaswali wapi?

Basi. Siku za mwisho za kupokea, kamati imekaa barazani kwa msikiti, akaja mtu anachechemea, na bahasha mkononi. Akasalimia, wakamwitikia. Wakamuuliza jina, akalitaja, na mnayajua majina hayo, ya Jumapili. Alikuwa muuza mbao wa upande wa pili wa mto, hajawa mwenyeji sana. Mwaka ule karibu wote alikuwa kwao, akiuguza mguu uliovunjika.

Mwenyekiti akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akamuuliza kama tangazo alilisoma lote.

"Nimelisoma, mzee wangu, mpaka chini. Nikasema labda kwa hili mtanivumilia. Cherehani siitaki."

"Huitaki?" Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Mtu asiyetaka zawadi huwa anataka nini?"

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu wasiofurahi. Mmoja akaichukua ile bahasha, akaiminya. Imetuna. Ndani mna kitu laini. Akairudisha juu ya meza haraka kana kwamba imemuunguza, akajifuta vidole kwenye kanzu.

"Ndani mna kitu kingine pia, mzee wangu," yule mtu akasema. "Naomba mkiifungua..."

"Ndiyo maana siifungui."

Mwenyekiti akamrudishia. Akamwambia kwao nako wana jumba lao na padri wao, wafanye shindano lao, waandike mpaka wachoke, hakuna atakayekwenda kuwaomba kalamu. Yule mtu akaaga kwa adabu, akaondoka na mguu wake.

Alipotoweka ndipo maneno yakaanza. Huyu katumwa. Huyu anataka ashinde ili wapate kusema msikitini hakuna anayejua kuandika. Mwingine akasema huenda kaandika kuwakejeli maiti wetu. Mwingine akasema kile kitu laini, Mungu atuepushe, nani anajua ni nini. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema kwamba kuifungua kungewatoa wasiwasi wote huo kwa mara moja. Wakamwambia yeye ni mzee, anyamaze apumzike.

Mnacheka? Mimi sicheki.

Khitma ikasomwa, shindano likafanyika. Maandiko yakasomwa, na yalikuwa mazuri kweli, yenye vina, yenye aya mahali pake. Tatizo lake moja. Huyu alikuwa ameyatazama maji toka ghorofani. Huyu alikuwa mlimani. Aliyeshinda, akapewa cherehani akapigwa na picha, siku ya mafuriko alikuwa mji mwingine kabisa kwa shangazi yake, na habari aliipata kwenye simu. Kwenye andiko lake lile zuri, mtoto wa mwenyekiti alitajwa mara moja: na fulani naye akachukuliwa na maji. Basi. Mama yake alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alikuwa amekuja mapema kuliko wote akakaa mbele kabisa, akiamini kwamba katika waandishi wote hao hatakosekana mmoja aliyemwona mwanawe. Akarudi nyumbani na swali lake.

Haukupita muda, madrasa ikataka madawati. Mwenyekiti akavuka mto kutafuta mbao za bei nafuu. Akaingia kiwanda kimoja cha mbao, na pale mlangoni, juu ya msumari, akaiona kofia. Kofia ya mkono, nyeupe, na mshono wake anaujua. Mkewe huwa na mtindo wake, ukingoni anashona majani ya mkwaju, na hakuna mwanamke mwingine mjini anayeshona hivyo. Maji yalikuwa yameitia manjano upande mmoja.

Damu ikampanda. Kabla ya salamu, kabla ya lolote, akasema kwa sauti, "Mwizi wewe. Kofia hii umemvua maiti gani?"

Akatoka mtu ndani, anachechemea, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Mnamjua.

"Shikamoo, mzee wangu. Nilikuletea. Ilikuwa ndani ya bahasha."

Mwenyekiti akakaa juu ya gogo. Hakungoja kukaribishwa.

Yule mtu akamweleza. Alikuwamo kwenye lori lile. Walikuwa wamepanda juu ya vitunguu, yeye na kijana mmoja asiyemjua jina, na maji yakawa yanapanda. Kijana akavua kofia, akamsukumia kifuani ndani ya shati, akasema wewe una mwili, huenda ukatoka, hii kaishona mama, usiiache ipotee. Lori likalala ubavu. Yeye mguu ukabanwa na mbao za bodi, na ndiyo uliomshikilia mpaka watu wa ng'ambo walipomtoa. Kijana alikuwa ameshika chuma kwa mkono mmoja.

"Alikuwa anasema maneno ya kwenu," akasema. "Yaleyale, anarudia. Siyajui maana yake, lakini niliyaandika kama nilivyoyasikia, nikijua ninyi mtayajua. Na mkono wa pili alikuwa kanyoosha kidole hiki juu. Nikadhani ananionyesha kitu, kamba labda. Nikatazama juu. Sikuona kitu. Nilipoteremsha macho hayupo."

Na kidole alichokinyoosha yule muuza mbao, ndugu zangu, pale katikati ya unga wa mbao, kidole asichojua sisi tunakinyoosha kwa ajili ya nini, mnakijua ni kipi. Nyoosheni vyenu. Ndicho hicho, cha shahada.

Baba alilia mpaka wapasuaji mbao wakazima mashine. Akaomba msamaha, akapewa. Akapewa na bahasha, akapewa na kofia. Akavuka mto karibu anakimbia, mtu mzima na kanzu yake, akaingia ndani kwa mkewe, akamwekea kofia mapajani, akamsomea karatasi yote mpaka mwisho.

Mama akaishika kofia kwa muda mrefu. Akashukuru Mungu, akafuta macho kwa upande wa kanga. Halafu akauliza, maana ni mtu wa kuuliza:

"Mtu mwema kama huyu, mume wangu, kwa nini hakutuletea mapema?"

Haya. Mjibuni ninyi. Ninyi mnaojua kuandika herufi ndogo, mjibuni.

Msiniambie nimesema dini zote ziwe chungu kimoja. Sikusema, na atakayetoka hapa akasema nimesema, nitamfuata mpaka kwake. Madrasa ikishindanisha watoto wake kusoma Qur'ani, hilo ni la madrasa, jirani halimhusu wala hatalalamika. La nyumbani tuliite la nyumbani. Lakini sisi tunaufunga mlango kisha tunajiita washindi wa mji. Tumemshinda nani? Tunawaambia watu waandike waliyoyaona, kisha tunachagua macho. Aliyeona ndiye aliyeona. Shahada ya mtoto wa mwenyekiti, shahidi wake duniani alikuwa mmoja, naye si wa msikiti huu. Mungu alimweka huyo pale juu ya vitunguu. Sisi tukamwambia Mungu kachagua vibaya.

Tena niwaambie kinachonikera hasa. Hatukuwa tukiilinda dini. Dini haiogopi bahasha. Tuliogopa kwamba mgeni ataandika vizuri kuliko sisi, tukaivika hofu yetu kanzu, tukaipeleka msikitini. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia jambo ni la kuulinda Uislamu, kwanza namuuliza anaogopa kushindwa na nani.

Na mfano huu sikuutoa hewani tu. Kabla ya swala nimekabidhiwa tangazo la kuwasomea. Shindano la insha, Maisha ya Mtaa Wetu, wazi kwa wakazi wote. Hayo nimewasomea sasa hivi kama yalivyo. Chini pana mstari mwingine, mdogo mdogo. Huo sitausoma mimi. Aliyeuandika yumo humu ndani, asimame ausome kwa sauti yake, mlango ule ukiwa wazi, majirani wanapita.

Nangoja.