Vigelegele vya Mfalme Nyati

Hapo zamani, watoto wangu, siku ambazo hata kobe alikuwa na haraka zake, Nyati walivuka mto, wakamtimua Mfalme Pofu, yule swala mkubwa, na kuitwaa nchi. Gudu! Gudu! Shamba la huyu, ua wa yule, vyote wakasema vyao. Na kila walipoona mahali palipoinuka, walijenga ngome juu yake.

Basi Bi Nguchiro alikuwa anaishi na watoto wake ndani ya kichuguu. Asubuhi moja akasikia kishindo juu ya kichwa chake.

"Nani huyo anakanyaga paa langu bila hodi?"

"Mfalme wako mpya!" akanguruma Nyati mkubwa. "Kichuguu hiki kimenipendeza. Nikishatawazwa kesho, naziba mashimo yote nijenge ngome. Hamisha vitoto vyako!"

Moyo wa Bi Nguchiro ukafanya pa! Wanawe wangelala wapi, na Chui naye anapitapita? Lakini akatabasamu.

"Hongera, Mfalme! Na vigelegele je, umeshaandaliwa?"

"Vige... vigenini?"

"Ala! Huku kwetu mfalme asiyepigiwa vigelegele hata kuku wanamcheka. Tena hutawazwa papa hapa, juu ya kichuguu."

"Basi nipigiwe! Vingi!"

"Utapigiwa, Baba. Wewe vaa taji tu."

Huyoo, Bi Nguchiro, mbio hadi kwa Jemadari wa Nyati. Maana kwao Nyati, nyie, wakifurahi hupiga kwato chini basi. Kigelegele hawajapata kukisikia tangu wazaliwe.

"Jemadari, pole na kazi. Mmeambiwa habari za nyuki?"

"Nyuki gani?"

"Yoo, hamjaambiwa! Nyuki wa kichuguu kile wakitoka, wanawake wa huku huonya kwa ulimi: ririririi! Ukisikia hivyo, usiulize. Mtoni moja kwa moja!"

Jemadari akameza mate. "Asante, mama. Mungu akuweke."

Siku ya siku ikafika. Mfalme juu ya kichuguu, kifua mbele, taji limekaa upande kwa sababu ya pembe. Askari wamemzunguka, masikio yamesimama wima. Bi Nguchiro akawakonyeza jirani zake, Bi Kanga na Bi Tumbili.

"Ririririririii!"

"NYUKI!" Jemadari akapiga yowe.

Lo salale! Mikuki huku, ngao kule, jeshi zima mtoni, chubwi! chubwi!

"Rudini nyie!" Mfalme akafoka. "Ndiyo kwanza natawazwa!"

"Nyuki, Mfalme! Kimbia!"

"Wako wapi hao nyuki?"

"Umewakanyaga!"

Mfalme akainama, akatega sikio kwenye shimo. Mle ndani watoto wa Bi Nguchiro, kama walivyofundishwa na mama yao, wakaanza kuvuma kwa pamoja: "Vuuuuu!"

Weee! Hakuuliza tena. Taji lilibaki, mwenyewe chubwi!

Bi Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini. "Tokeni, wanangu. Yule asiyebisha hodi kaondoka."

Taji lile watoto wakaligeuza kitanda. Na mpaka leo, kukiwa na harusi upande huu wa mto, Nyati wa upande wa pili hutimua mbio.

Nanyi mkitaka kutawala nchi ya watu, jifunzeni kwanza wakifurahi wanalia vipi.