Gari Jipya la Kanda ya Milimani

"Gari jipya halijui njia." Wiki iliyopita mlimsikia mama wa jikoni akimwambia hivyo mwenzenu wa kidato cha pili, yule aliyenunuliwa kikokotoo cha bei mbaya na bado akarudi na sifuri yenye afya njema. Mlicheka mpaka uji ukawapalia, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Basi acheni kusukumana, na yule wa nyuma aondoe mguu wake kwenye benchi la mwenzake. Methali hiyo haikudondoka na mvua. Ilizaliwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Wilaya ya Nyamilonga ilikuwa na Wakala wa Elimu, na wakala huo uligawanyika kanda mbili: Milimani na Bondeni. Kazi ya maafisa wake ilikuwa kukagua shule na kuwasaidia walimu. Kukagua walikagua. Desturi yao ilijulikana hadi kwa kuku: siku mkaguzi alipotangazwa kuja, jogoo wa mwalimu mkuu alianza kutembea kwa mashaka. Mkaguzi alifika, akasaini kitabu cha wageni, akachungulia darasa moja, akala, akaandika "Ongezeni bidii," akaondoka. Mwaka uliofuata alirudi, akala jogoo mwingine, akaandika maneno yaleyale.

Kati ya wakaguzi wa Bondeni hakuna aliyeogopwa kama Bwana Ernesti Kabulizi. Walimu walimwita Kifaru, ingawa waliotaka kuishi vizuri hawakumwita hivyo mbele yake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: kanda ipate gari jipya, ili siku ya kuagwa apelekwe kijijini kwao akiwa amekaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, majirani wakimwona vizuri na kuumia taratibu.

Mungu akaelekea kujibu. Halmashauri ilitoa fedha sawa kwa kila kanda na kuwaachia wakuu wa kanda waamue matumizi. Kule Milimani, mkuu wa kanda, Bwana Kapufi, hakulala nazo. Alinunua gari, jeupe kama jino la mtoto, lenye maandishi ya rangi mlangoni. Huku Bondeni, mkuu wa kanda alikuwa Bi. Tulizo Mwampashi, mgeni kazini, na yeye aliitisha kikao akatangaza kwamba fedha zote zitakwenda kuwasomesha maafisa.

"Kutusomesha sisi?" Kabulizi aliuliza, kana kwamba ameambiwa avue suruali. "Bosi, mimi nakagua walimu tangu wewe unanyonya."

"Ni kweli, mzee wangu. Na watoto wa darasa la pili wa Bondeni bado hawajui kusoma."

"Gari lingetufikisha shuleni mapema."

"Tukifika mapema tunafanya nini, mzee? Tunamsubiri jogoo aive?"

Kikao kikaangua kicheko. Kabulizi aliwatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikakauka, lakini fedha zilikuwa zimeshaamuliwa.

Habari zikamfikia Mheshimiwa Chitemo, diwani aliyeongoza kamati ya elimu, mtu aliyependa ugomvi wa wengine kuliko chakula. "Vizuri sana," alisema. "Mwisho wa muhula nitakwenda kujionea. Njia itakayozaa matunda itafuatwa na kanda zote mbili. Nyingine itafutwa, na aliyeileta atarudi kushika chaki."

Tangu siku hiyo Kapufi hakukosa kupita mbele ya ofisi ya Bondeni akipiga honi. "Kabulizi!" alipaza sauti dirishani. "Bado uko kwenye pikipiki, mzee? Shika kofia, upepo unakuja!" Kisha vumbi. Kabulizi alilila vumbi hilo huku akiomba, kwa siri na kwa imani kubwa, mafunzo ya Bi. Tulizo yashindwe.

Aliyeletwa kuwafundisha alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu aitwaye Lwitiko, umri sawa na kitindamimba wa Kabulizi. Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu: kila afisa alipewa darasa la pili moja alifundishe yeye mwenyewe muhula mzima, na wenzake wakae nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni, wakimtazama. Mkaguzi akaguliwe! Kabulizi alipangiwa Shule ya Msingi Kisangaviko, mbali kule bondeni, mahali ambapo lami husikika kama hadithi.

Siku ya kwanza aliingia darasani kwa kishindo chake cha kawaida. Akamwinua binti mmoja wa dawati la mbele, Nyamizi, mtoto wa macho makubwa asiyeogopa vifaru. "Soma!" Nyamizi akashika kitabu, akavuta pumzi, akausoma ukurasa mzima bila kusita, kwa sauti tamu ya kupanda na kushuka.

"Safi kabisa!" Kabulizi akawageukia wenzake. "Mmeona? Watoto wanasoma. Nani kasema hawasomi? Twendeni tukale."

"Samahani, mzee," Lwitiko akasema kwa upole. "Naomba utazame kitabu chake."

Kabulizi akatazama. Kitabu kilikuwa juu chini. Picha ya ng'ombe iliyokuwa ukurasani ilikuwa imelala chali, miguu hewani.

"Amesoma, mzee, au ameimba?"

Kabulizi akakigeuza kitabu, akamfungulia Nyamizi ukurasa mwingine. Nyamizi akaimba wimbo uleule. Akamwinua mtoto wa pili, wa tatu, wa mwisho kule pembeni. Wote waliujua ukurasa huo mmoja kwa kuusikia, na hakuna aliyeijua herufi hata moja. Kutoka kwenye madawati ya nyuma, afisa mmoja asiye na huruma akakohoa: "Ongeza bidii, mzee."

Walicheka wote. Kabulizi hakucheka wala hakugomba. Njia nzima ya kurudi, juu ya pikipiki, aliyakumbuka madarasa aliyoyasifu miaka yote, watoto waliosimama mbele yake na kumwimbia kurasa tamu naye akawapigia makofi, akaenda kula. Wangapi walishika vitabu juu chini? Hapo gari likamtoka moyoni. Kilichobaki ni hofu moja: kwamba atastaafu akiwa mtu aliyeusifu wimbo akidhani ni kusoma. Nyamizi lazima asome. Asiposoma, hata akipelekwa kwao kwa ndege, atashuka kichwa chini.

Kesho yake akamfuata Lwitiko. "Kijana," akasema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kama mfupa, "hebu nieleze tena ile habari ya sauti za herufi."

Ndipo Nyamilonga ikashuhudia mambo. Kifaru alitambaa sakafuni akitoa mlio kama nyoka ili watoto waijue sauti ya *s*. Alinguruma, alibweka, alipuliza moto usiokuwepo. Hayo hayakumpa tabu. Tabu ilikuwa kunyamaza. Mtoto aliposita kwenye neno, Kabulizi alimjibia, na wenzake kule nyuma walimrukia: "Mzee, umemmezea tena!" Kwa mtu aliyezoea kunguruma, kufunga mdomo ilikuwa Kwaresima isiyo na Pasaka. Lakini alijifunza. Asubuhi moja Nyamizi alikwama kwenye neno fupi ubaoni, akalizunguka, akalishika huku na huku, halafu akapiga kelele, "Kuku! Ni kuku!" Kabulizi akageukia dirishani na kufuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Mwisho wa muhula ukafika. Mheshimiwa Chitemo akaamua kwenda Kisangaviko kwa gari la Milimani. Bi. Tulizo akajitolea kuwapa afisa mmoja wa kuwaongoza, Kapufi akakataa. "Gari hili lina ramani mbele ya kiti, mama. Linaongea lenyewe."

Shuleni wazazi walifika mapema, watoto wakanyooka kama mishumaa. Wakasubiri. Kengele ya mapumziko ikalia, diwani hayupo. Jua likapanda, mishumaa ikaanza kupinda. Bi. Tulizo alikuwa amekunja leso mpaka imekuwa kamba. "Ameghairi, mzee," alimnong'oneza Kabulizi. "Ameshaamua."

Ndipo gari likatokea, rangi yake haijulikani tena. Limevaa vumbi juu mpaka chini, na dereva akashuka akiwa na uso wa mtu aliyetoka vitani. Ikajulikana kwamba ramani ya gari iliitambua Kisangaviko kama pori, na Kapufi, mkaguzi wa miaka na miaka, hakuwahi kuvuka mwisho wa lami. Wakaingia mnadani, katikati ya ng'ombe. Mfanyabiashara mmoja aligonga kioo akamwuliza mheshimiwa, kwa adabu zote, kama anauzwa au ananunua.

Diwani alikuwa na njaa na hasira. "Tuone," akasema.

Nyamizi akasimama, akasoma ukurasa aliofunguliwa. Akasoma mwingine. Kapufi akatabasamu. "Mheshimiwa, hawa wamekariri. Mzee Kabulizi ni mwalimu wa kwaya."

Kabulizi alihisi maneno hayo yakimchoma mahali palepale palipowahi kuungua.

"Basi asome kisichokuwa kitabuni," diwani akaamuru.

"Asome mlango wa gari letu!" Kapufi akasema kwa fahari, na umati wote ukatoka nje. Kwa kiganja akafuta vumbi mlangoni. Nyamizi akasogea. "Ka-nda ya Mi-li-ma-ni. E-li-mu bo-ra kwa ki-la mto-to."

"Ah, hayo yametangazwa hadi redioni," Kapufi akasema. "Kila mtu anayajua."

Diwani akakuna kidevu, akaanza kuitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Bi. Tulizo akafumba macho. Lakini mtoto aliyepata kusoma ni kama mtoto aliyeota meno, hung'ata kila kitu. Nyamizi alikuwa ameshazunguka nyuma ya gari. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na vumbi nene, na ndani ya vumbi kulikuwa na maandishi ya kidole.

"Ni-me…" Nyamizi akasita.

Kabulizi aliyaona maandishi, akayasoma mara moja, na neno likamjaa mdomoni kama maji ya moto. Nusu ya wilaya ilikuwa ikimtazama. Akang'ata ulimi. Nyamizi akarudi nyuma, akalishika neno upya, sauti kwa sauti.

"Ni-me-po… Nimepotea!" Akainua uso, akaendelea bila kuvuta pumzi. "Nimepotea. Nirudisheni kwetu!"

Darasa zima likamkimbilia. Watoto walibanana nyuma ya gari wakisoma kwa zamu na kwa pamoja, wengine kwa kupiga magoti: "Nimepotea! Nirudisheni kwetu!" Dereva akaapa kwa mama yake kwamba ni vijana wa mnadani, asubuhi ileile, na kwamba hakuna aliyewaona wakiandika. Wimbo gani huo, na nani angeukariri?

Mheshimiwa Chitemo alicheka mpaka akaketi juu ya bampa, suti na yote. Alipopata pumzi, akafuta machozi akasema:

"Kapufi, gari nimelipanda. Kiti laini, ubaridi upo, linaongea kweli. Lakini gari jipya halijui njia. Linajua kukimbia tu. Njia hukaa kichwani mwa mtu, na huko ndiko Bi. Tulizo alikopeleka fedha yake. Muhula ujao maafisa wote wa Milimani watasomeshwa, na wa kwanza kukaa kwenye dawati ni wewe."

"Nani atatufundisha, mheshimiwa?" Kapufi akauliza kwa sauti ya panya.

"Huyo hapo, mwalimu wa kwaya."

Vigelegele vilipasuka. Akina mama walimvisha Kabulizi kanga mabegani, Bi. Tulizo alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Nyamizi akabebwa juu juu kama kombe la mpira.

Diwani akafungua mlango wa gari, ule wa mbele. "Ingia, Mzee Kabulizi. Kiti hiki ni chako, tukurudishe mjini kwa heshima."

Kabulizi alikitazama kiti. Kilikuwa kizuri kuliko alivyokiota. "Nashukuru, mheshimiwa," akasema, "lakini mchana nina kipindi."

Gari likaondoka bila yeye. Likafika njia panda, likasita, halafu likakata kushoto, moja kwa moja kuelekea mnadani. Na shule nzima ya Kisangaviko, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, wazazi na mwalimu mkuu wakiwemo, Kabulizi akiongoza kwa ile sauti yake ya zamani, ikapaza sauti kwa pamoja:

"Gari jipya halijui njia!"