Zimwi Lililokula Kilio cha Tusekile

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mlima wa baridi, na juu yake ziwa.

Basi, chini ya mlima huo aliishi mama mmoja, Tusekile. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Ipyana, alishikwa na homa, akafa. Tusekile akalia. Wifi zake wakamwambia anyamaze. Majirani wakamwambia anyamaze. Hata mumewe akamwambia anyamaze.

Siku moja akaenda ziwani, maana watu walisema ni pazuri mno, anayepaona husahau shida zake. Akapita kwenye mianzi na ukungu mpaka ukingoni. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, hakuna hata ndege.

Zimwi likatoka majini na tumbo lake kubwa. Likamwomba kilio chake. Akakitoa, likakila. Tusekile akashuka macho makavu, na watu nyumbani wakafurahi.

Lakini jina la mwanawe lilikuwa bado linamchoma. Akapanda mara ya pili. Zimwi likaomba jina. Akalitoa, likalila.

Basi akarudi. Akashika chungu cha moto, asisikie. Akala ndizi, asisikie. Binti yake mdogo, Subilaga, akaanguka akamlilia, asisikie chochote moyoni. Akasimama tu, anamtazama.

Akapanda mara ya tatu. Safari iliyopita zimwi lilikuwa limemwambia amlete Subilaga, ili asibakiwe na kitu cha kumwumiza. Hakuogopa. Hakuhuzunika. Alimshika mtoto mkono kama anavyoshika jembe.

Ukingoni mtoto akasema, "Mama, miguu imeganda. Nibebe."

Mikono ya Tusekile ilikuwa imezoea, ikambeba. Zimwi likanyoosha mkono.

"Nipe."

"Nikikupa, nitasikia nini?"

"Hutasikia kitu."

Tusekile hakuwa na uchungu wala hofu, ila alijua kwamba jambo hili si sawa.

"Basi nirudishie vyangu," akasema.

Zimwi likacheka. Likamwambia alitaje jina la marehemu, litarudisha vyote. Tusekile akalitafuta, akalitafuta, akalitafuta. Hakulipata.

"Ni kaka Ipyana," Subilaga akasema.

Zimwi likashika tumbo, likatapika, likatapika mpaka likabaki ngozi tupu, nayo ikazama. Kilio kikamrudia Tusekile chote kwa pamoja. Akamweka mtoto wake mgongoni, akashuka mlima akilia njia nzima.

Mumewe akampokea mtoto, akauliza yaliyowapata. Tusekile akamweleza yote bila kuficha. Yule bwana akakaa chini kwenye majani, akaanza kulia naye, maana tangu siku ya mazishi hakuwa amelia hata mara moja.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wanangu, mwenye msiba mwacheni alie.